Mwezi wa Jana

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu niliijua sauti yake ya simu kuliko sura yake. Alikuwa akipakia Dar es Salaam, anapita hapa Tunduma, anavuka kwenda Nakonde, anakata Zambia yote mpaka Kongo kushusha mzigo, kisha anarudi. Foleni ya mpaka ndiyo ilikuwa likizo yetu. Lori likiwa limepangwa barabarani huko chini pamoja na mengine, yeye alilala nyumbani, na kwa kuwa nyumba yetu iko kwenye mwinuko, watoto walilitambua kutoka uani kwa turubai lake la bluu. Foleni ikisogea anaitwa, anavaa viatu haraka haraka, anaondoka, na mashuka yanabaki na harufu ya dizeli.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za kwaya na vitenge vya harusi, na wateja wangu nusu wanatoka ng'ambo. Nimezaliwa Igamba, kwa watu wa kahawa, na mambo ya kuangalia angani nilikuja nayo kutoka huko. Bibi yangu alikuwa akiiita nyota ya jioni mke wa mwezi. Alisema mwezi ukiwa mwembamba ni kwamba mume amekonda na njaa, na mke anamfuata na chakula. Alitukataza kuwanyooshea kidole. Sababu hakutoa, na ukimwuliza alikutuma kuni.

Mchezo wa picha tuliuanza jioni moja yeye akiwa Mpika, ndani ya Zambia. Alinipigia akaniambia nitoke nje niangalie upande wa magharibi. Nikatoka na sindano bado iko mdomoni. Mwezi ulikuwa kama ukucha uliokatwa, umelala chali, na nyota kubwa ilikuwa ubavuni kwake, inang'aa bila kupepesa. Akaniuliza kama naiona. Nikamwambia naiona. Tukakaa kimya wote wawili, tunakula muda wa maongezi bure. Kuanzia hapo, kila mwezi mwandamo nyota ikiwa upande huo, kila mmoja alipiga picha mahali alipo na kumtumia mwenzake. Kule saa zao ziko nyuma ya zetu na jua lao linazama baadaye kidogo, kwa hiyo mimi nilikuwa wa kwanza kutuma, na yeye alijibu na picha yake na maneno yaleyale siku zote: "Mama watoto, umeuona?"

Mwanzoni picha zangu zilikuwa mbaya. Simu inapoona giza inajitahidi kuongeza mwanga, na mwezi unatoka kama taa ya pikipiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuugusa mwezi kwenye kioo, kisha kuteremsha mwanga kwa kidole mpaka anga iwe ya zambarau na kile kipande kijitenge vizuri. Pia alinifundisha kuegemeza simu juu ya kitu. Mimi niliegemeza kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Yeye alipenda kupanda juu ya lori, kwenye mzigo, kwa sababu foleni za malori zinaziba magharibi yote, na alisema kutoka kule juu anauona mwezi kama yuko Igamba kwa wakwe zake.

Jioni ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kiangazi. Watu walikuwa wakichoma mashamba pande zote za mpaka, na kwa wiki nzima jua lilizama jekundu ndani ya moshi. Kuku walikuwa wakiingia bandani mapema. Mwezi ulipotokea ulikuwa na rangi ya papai, chini kabisa, karibu kugusa mapaa ya Nakonde, na nyota ilikuwa juu yake. Nilipiga picha kadhaa, nikachagua moja, nikatuma. Siku hiyo alikuwa amenipigia asubuhi akiwa karibu na Kasumbalesa, mpaka wa kuingilia Kongo, yuko kwenye foleni na dereva mwenzake wa Mlowo, mtu mzima kumzidi, ambaye walikuwa wakisafiri naye, kila mmoja na lori lake, yote ya bosi mmoja. Alisema koo linamuwasha kwa vumbi. Hakuna lingine.

Picha yangu ilikaa na alama moja. Sikujali, mtandao wa kule tunaujua. Nikapika, nikala na watoto, nikalala.

Kesho yake mchana, nikiwa kwenye cherehani, nikaona alama zimekuwa mbili, kisha zikageuka bluu. Ameiona. Nikangoja. Nilishona mkono mzima wa gauni nikiwa naitazama simu kuliko mshono, na jibu halikuja. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Nikapiga tena baada ya kumhudumia mteja, ikaita vilevile. Mume wangu hakuwa mtu wa kuacha simu iite. Hata akiwa anaendesha alipokea kusema "naendesha" na kukata.

Nilijiambia amelala. Madereva wanalala mchana wakiwa kwenye foleni. Lakini mteja mmoja alikuja kuchukua nguo yake akaniuliza kama naumwa, na nilipojitazama kwenye kioo cha wateja nikaona ana haki ya kuuliza.

Jioni ya pili nikatoka uani kama kawaida. Moshi ulikuwa umepungua. Mwezi ulikuwa umenenepa kidogo na umepanda. Sasa wenyewe ndio ulikuwa juu, na nyota imebaki chini yake. Ndivyo unavyokwenda, kila siku unapiga hatua kuelekea mashariki, na ukiuangalia miaka mingi kama mimi unajua kesho utaukuta wapi. Nikapiga picha, nikatuma, nikaandika: "Baba watoto, mbona kimya?"

Ilisomwa hapohapo. Juu ya kioo nikaona maneno kwamba anaandika. Yakatoweka. Yakarudi. Kisha ikaingia picha, na chini yake: "Niko salama mke wangu. Mtandao unasumbua. Huu ndio mwezi wa leo."

Ningepaswa kufurahi. Nilisimama pale kwenye nguzo ya kamba nikaisoma tena, na mambo mawili hayakukaa sawa. Kwanza, tangu tuoane hajawahi kuniita mke wangu. Kwake nilikuwa mama watoto hata kabla hatujapata watoto. Pili, picha yenyewe. Ilikuwa nzuri, imepigwa kutoka juu, mapaa ya malori yanaonekana chini yamejipanga kama masanduku, anga ya zambarau, moshi mwekundu kwa chini. Na mwezi ulikuwa chini, na nyota juu yake.

Niliinua macho nikautazama mwezi uliokuwa mbele yangu. Nyota ilikuwa chini. Nikashusha macho kwenye simu. Nyota ilikuwa juu. Nikafungua picha yangu ya jana nikaiweka na ile yake, nikawa naenda huku na huku. Zilifanana. Ule ulikuwa mwezi wa jana.

Mtu anaweza kupiga picha jana akaituma leo, hilo nalijua. Kilichonitisha ni yale maneno, kwamba huu ndio mwezi wa leo. Mume wangu anajua mwezi wa jana na wa leo. Ndiye aliyenifundisha nusu ya haya. Aliyeandika vile alikuwa mtu asiyejua, na alikuwa ameshika simu ya mume wangu.

Akili yangu ilikuwa imetulia kwa namna ya ajabu. Niliandika taratibu: "Toka nje uniangalizie. Nyota iko juu ya mwezi au chini?"

Ikasomwa. Anaandika. Ameacha. Anaandika. Nilisikia malori yakiwashwa huko chini barabarani, foleni inasogea, na jirani akimwita mtoto wake aje kuoga. Jibu likaja: "Iko juu, kama kwenye picha."

Nilitazama tena angani, ingawa nilishajua. Nyota ilikuwa chini ya mwezi, peke yake, imetulia.

Nikapiga simu. Iliita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ameolewa Nakonde na anauza mchele na mafuta ya kula hadi huko kwenye migodi ya Zambia. Nilimpigia nikamweleza yote, mwezi, nyota, na lile neno "mke wangu". Alinisikiliza, kisha akasema nisijitie presha, picha ni picha, labda kaka yake amekunywa, labda yuko na mtu asiyetaka nimjue, wanaume ndivyo walivyo. Alisema hivyo kwa kunihurumia, nadhani, kwa sababu habari ya mwanamke mwingine ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote tulizoweza kufikiria. Hata mimi niliitamani. Nilimwambia, "Wifi, huyo aliyenijibu si kaka yako." Nikamsikia akimwambia mumewe kitu kwa Kibemba, kisha akaniambia nisilale na simu mbali.

Yeye ana wateja wake kila mji wa barabara ile, na wote wana midomo. Kulipokucha alikuwa ameshapata. Mama mmoja anayewapikia madereva karibu na Kasumbalesa alimwambia kwamba kuna Mtanzania alianguka kutoka juu ya lori, jioni ya juzi, akapelekwa hospitali hajitambui. Turubai la lori lilikuwa la bluu.

Mama yangu alikuja na basi la kwanza kutoka Igamba kukaa na watoto. Aliniambia nibebe kanga mbili za ziada. Hakusema za nini na mimi sikumwuliza, nilizikunja nikaziweka chini kabisa ya begi. Mchana nilivuka na kibali cha muda, nikamkuta wifi ameshakata tiketi za basi, na tukaenda usiku ule na kesho yake yote katika ile nchi ndefu ya miti. Kila mahali kulikuwa na moto. Unaona mstari mwekundu kwa mbali unatambaa nyikani na hakuna mtu anayeukimbilia. Wifi alilala na kuamka, alilala na kuamka, na kila akiamka alinishika goti kuhakikisha nipo. Nilikuwa nimeshika simu. Ile ya mume wangu ilibaki imezimwa, na kila nilipoifungua ile picha nilijaribu kuona kama kuna kitu pembeni, mkono, kivuli, chochote. Kulikuwa na malori tu.

Dereva wa Mlowo tulimkuta kwenye geti la hospitali. Nilimjua, alikuwa ameshakula kwangu mara nyingi, na mkewe nilimshonea. Aliponiona alivua kofia. Wifi akamwuliza moja kwa moja kama kaka yake ni mzima, akasema yuko hai ila bado hajaamka. Ndipo nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Alitusimulia tukiwa palepale. Jua lilipozama mume wangu alipanda juu ya mzigo kama kawaida yake. Alimwona amesimama kule juu na simu, anasogea huku na huku kutafuta pembe. Alipomaliza akaanza kushuka, na ili mikono yake iwe huru kushika kamba za turubai, aliibana simu kwa meno. Kamba moja ilifyatuka. Dereva wa Mlowo alisema hakusikia ukelele, kwa sababu ya ile simu mdomoni. Alisikia kishindo tu, akadhani gunia limedondoka.

Simu ilipasuka kioo lakini iliwaka. Alikuwa akiijua namna ya kuifungua, madereva wa safari moja hawafichani mambo hayo. Bosi alimwambia kwa simu asiiarifu familia kwanza mpaka daktari aseme kitu, asije akasababisha vifo viwili. Naye akaona napiga, napiga, na ujumbe unaingia.

"Shemeji," aliniambia, akiwa anatazama kofia yake, "niliona kila mwezi mnatumiana kitu hicho. Nikaikuta hiyo picha ndiyo ya mwisho kupigwa. Nikasema nikiituma atatulia, atalala. Ulivyoniuliza mambo ya nyota nilikuwa huko ndani kwenye korido, hakuna hata dirisha. Nikaiangalia picha nikajibu."

Nilimtazama yule mzee. Macho yake yalikuwa mekundu, shati lilikuwa na doa kubwa lililokauka ambalo hakuwa ameligundua au hakuwa na lingine la kubadili. Nilikuwa nimemchukia mtu aliyeshika ile simu tangu Tunduma, kwa kilomita zote zile. Nilitafuta pa kuiweka ile chuki sasa nikakosa. Nilimwambia asante kwa kumleta hospitali. Lile la picha nililiacha lilivyo, na mpaka leo sijaligusa tena naye.

Ndani, kichwa cha mume wangu kilikuwa kimefungwa bandeji, na uso umevimba upande mmoja hadi nikautambua upande ule mwingine kwanza. Midomo ilikuwa imechanika kwa kioo cha simu. Muuguzi aliniita ba mayo, yaani mama kwa Kibemba, akanivutia kiti, akaniambia niongee naye, kwamba huenda anasikia. Nilimweleza habari za foleni ya Tunduma, nani amesogea, nani bado, kwa sababu ndiyo maongezi aliyoyapenda. Jioni mwanga uliingia dirishani upande wa magharibi, na nilijua nikisimama nitauona mwezi umeshakuwa mkubwa. Nikavuta pazia.

Tulikaa pale muda mrefu. Wifi alirudi kwenye biashara yake, akaja tena, akarudi tena. Siku alipofungua macho alinitazama kama mtu anayesoma bango la mbali. Maneno ya kwanza yalikuja baadaye, yakiwa mazito, na yaliniuliza kama lori limeshushwa mzigo. Daktari alinieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mkono wa kushoto huenda usirudi, kwamba kumbukumbu itakuwa na mashimo, na kwamba nisimwache peke yake karibu na moto au mahali pa juu, kwa sababu kifafa kinaweza kuja wakati wowote, mwaka huu au mwaka kesho.

Kimekuja mara moja tu. Tulikuwa tumeshahamia Igamba kwa wazazi wangu, kwa sababu ile nyumba ya mwinuko ilikuwa na ngazi nyingi mno na barabara ilimsumbua. Kila honi iliyopigwa alisimama. Alianguka katikati ya miche ya kahawa, na baba yangu ndiye aliyemshika kichwa kisigonge jiwe. Tangu hapo kuna mtu anayemtazama siku zote bila yeye kujua kwamba anatazamwa. Mchana anachuma kahawa kwa mkono wa kulia, kikapu akikining'iniza shingoni. Anachuma vizuri, nyekundu tu. Anacheka na watoto. Ile jioni hana habari nayo kabisa. Nilipomwonyesha picha mara moja, aliisifu, akaniuliza ni nani aliyeipiga.

Nilikuwa na hasira na daktari kwa kusema "wakati wowote". Ni neno baya kukaa nalo nyumbani. Unaosha vyombo nalo, unakata kitambaa nalo. Mtu akichelewa chooni unaweka mkasi chini.

Na kuna jambo lingine lililoanza kiangazi hiki. Analala na viatu. Anavua shati, anavua suruali, anaingia kitandani na viatu vyake vya kazi vimefungwa kamba mpaka juu, amezifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Mwanzoni nilikuwa nikimvua akishasinzia. Akiamka na kuvikuta chini alihangaika, jasho linamtoka, anatafuta mlango upande ulipokuwa kwenye nyumba ya Tunduma, ambako hapa ni ukuta. Niliwahi kumwuliza anakwenda wapi navyo.

"Wataita," alisema. "Foleni itasogea."

Nilimwambia hakuna foleni Igamba. Alinipigapiga mkononi kwa upole, namna mtu anavyomtuliza abiria, akageukia ukutani. Sasa namwacha. Nimetandika shuka zito upande wake, naliosha kila Jumamosi, na usiku viatu vinaponigusa kwenye mguu nasogea kidogo ili vipate nafasi.